Mdharau Mwiba: Chujio la Dizeli Katika Ua wa Sajini

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Maneno hayo hunenwa mara nyingi juu ya watoto wasiosikia la mkuu, lakini safari hii yalimpata mtu mzima mwenye mvi, tena mtu aliyewafundisha wenzake kwa miaka mingi namna ya kutunza magari ya serikali. Mwiba wake ulikuwa kitu kidogo cha bati, chenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, kilichofungwa chini ya boneti ya pikapu yake. Kitu hicho ni chujio la dizeli, ambalo mafundi wengi huliita filta.

Mtu mwenyewe ni sajini mstaafu wa polisi akaaye pembezoni mwa mji wa Arua, upande wa barabara iendayo Koboko. Yeye ni Mlugbara, na mkewe ni Mkakwa wa Koboko. Lugha za makabila yao mawili hazisikilizani hata kidogo, wala wazazi wao hawakuweza kusalimiana bila mkalimani. Lakini wao walikutana katika nyumba za askari, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaunganisha. Hata leo, ingawa sare imekwisha kukunjwa na kuwekwa sandukuni, Kiswahili ndiyo lugha ya mezani kwao, na majirani wote, wakubwa kwa wadogo, humwita mwenye nyumba Afande.

Alipopokea kiinua mgongo chake, Sajini hakukitumia kwa anasa. Alinunua pikapu kuukuu ya dizeli, ili mkewe apate kupeleka unga wa muhogo, simsim na samaki wakavu katika soko la Koboko. Soko hilo lina wanunuzi wengi, kwani Koboko imekaa pembeni kabisa mwa Uganda, mahali ambapo mipaka ya Kongo na Sudan Kusini inakutana na ya kwetu. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilometa 50 kwa kupitia Maracha. Zamani ilikuwa safari ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, lakini katika miaka ya 2010 barabara yote itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko, hata Oraba mpakani, jumla ya kilometa 92, ilitiwa lami. Kwa hiyo pikapu ile ilikuwa ndiyo shamba la familia. Karo ya mwana wao wa mwisho, kijana wa sekondari, ilitoka humo, na chumvi na sabuni vilitoka humo.

Dalili za ugonjwa hazikuja kwa siri. Kwanza gari lilianza kuwaka kwa shida asubuhi. Kisha likawa linapungukiwa na nguvu vilimani, likisuasua kama mzee aliyetwikwa gunia, hali kwenye tambarare linakwenda vizuri tu. Mwishowe taa ndogo ya manjano ikawaka mbele ya dereva na kukataa kuzimika.

"Mzee," mkewe alimwuliza siku moja, walipokuwa wakirudi kutoka sokoni, "ile taa inasema nini?"

"Inasema gari limezeeka, Mama," alijibu Sajini. "Hata mimi nikiamka asubuhi magoti yangu yanawaka taa."

Wote wawili walicheka, na taa ikaachwa iendelee kuwaka. Siyo kwamba Sajini hakujua maana yake. Alijua sana kwamba taa ile huwaka maji yanapojaa chini ya chujio. Lakini karo ilikuwa imekaribia, na aliona heri kusubiri mpaka mwezi uishe. Isitoshe, alikuwa na dumu la dizeli alilolinunua kwa bei nafuu kando ya njia, akaliweka uani bila kifuniko chake, kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimepotea. Mvua za Agosti zilinyesha juu ya dumu hilo, na dizeli yake ikamiminwa katika tangi vivyo hivyo.

Usiku mmoja wa Septemba, mvua ikipiga mabati, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, mzee mwenzake, akitweta.

"Hodi, Afande! Nisaidie. Mkwe wangu ameshikwa na uchungu, na maji yamekwisha kuvunjika."

Sajini hakuchelewa hata dakika moja. Msichana aliwekwa mbele, mama mkwe wake akamshika mgongo, na jirani akapanda nyuma chini ya turubai. Pikapu iliwaka baada ya kukohoa mara tatu, ikatoka barabarani, ikaenda mwendo wa kilometa moja hivi, na pale kilima kilipoanza ikazimika. Sajini alipiga stata mpaka betri ikaanza kulia kwa uchovu. Alifungua boneti mvuani, akabonyeza hiki na kile kwa mwanga wa simu, asipate kitu. Ndani ya gari msichana alikuwa akilia kwa sauti ya chini, naye mama mkwe akimwambia, "Vumilia, mwanangu, vumilia." Mwishowe kijana wa bodaboda alipita, naye, Mungu ambariki, akakubali kuwachukua. Yule msichana alikwenda kujifungua akiwa amebanwa katikati ya dereva wa pikipiki na mama mkwe wake, mvua ikiwanyeshea wote watatu.

Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri. Jirani alikuja kutoa habari asubuhi, naye hakuwa na neno baya hata moja. "Mungu ametusaidia, Afande," alisema. "Ni mtoto wa kike." Juu ya gari hakusema lolote. Ukimya ule ulimchoma Sajini kuliko matusi ambayo angeyatukanwa. Tena palikuwa na ahadi. Miezi mingi kabla yake, Sajini alikuwa amemwahidi msichana yule, ambaye kwao ni Koboko, kwamba mtoto akizaliwa na mama akipata nguvu, pikapu hiyo ndiyo itakayowapeleka kwa babu na bibi yake. Sasa Sajini alimsikia jirani yake, ng'ambo ya ua, akiulizia nauli ya matatu ya kwenda Koboko.

Hapa yafaa tueleze kwa kifupi ni kwa nini kitu kidogo kama chujio chaweza kulilaza chini gari zima.

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hukandamizwa katika silinda kwa nguvu nyingi mpaka inapata joto la nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi, ndipo dizeli inaporushwa ndani kama ukungu na kuwaka yenyewe. Mtu aliyeibuni injini hiyo ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi ipasavyo ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ikazunguka bila taabu. Twaona basi kwamba injini hii haichagui sana aina ya mafuta. Inachokataa ni uchafu.

Sababu ya kuukataa ni hii. Ili dizeli iwe ukungu, pampu huisukuma kwa nguvu kubwa ipite katika matundu membamba ya nozeli. Vyuma vilivyomo ndani ya pampu na nozeli vimesuguliwa vikakaribiana hata nafasi iliyobaki kati yao ni maikroni chache tu. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimeta, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa macho ni kama jiwe mahali hapo. Ikiingia itakwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi tena kuwa laini.

Maji nayo ni adui wa pili, na pengine ndiye mbaya zaidi. Pampu za magari mengi ya zamani hazina oili ya peke yake. Hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Maji hayalainishi kitu. Huleta kutu, na yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto hugeuka mvuke kwa ghafula na yaweza kuivunja. Maji haya huingia kwa njia nyingi. Tangi likilala nusu tupu, ubaridi wa usiku huigeuza hewa yenye unyevu kuwa matone yanayotiririka kwenye kuta zake. Dumu lililooshwa lisikaushwe huyaleta. Dumu lisilo na kifuniko huyakaribisha. Hata jina la chombo hicho, jeriken kama wengi tuitavyo Uganda, latukumbusha jambo. Kopo la kwanza la namna hiyo, la chuma na lenye ujazo wa lita 20, lilitengenezwa na Wajerumani kwa ajili ya jeshi lao katika miaka ya 1930, na askari wa Kiingereza waliolionea wivu vitani wakaliita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, yaani Jerry. Sifa yake moja kubwa ilikuwa kifuniko kisichopoteka, kwa sababu kiliunganishwa na kopo lenyewe, nacho kilifunga barabara. Askari wa vitani hakuona kifuniko kuwa ni jambo dogo. Sajini wetu wa uani aliliona dogo.

Jumamosi iliyofuata, Sajini alirudi kutoka mjini na chujio jipya katika boksi lake. Alikataa kulipeleka gari kwa fundi, kwa maana aliona haya kumpa mtu mwingine kazi aliyowafundisha madereva wenzake miaka nenda miaka rudi. Alimwita kijana wake, akafungua boneti, akalifungua chujio la zamani haraka haraka, vumbi na matope yakiwa bado yamelizunguka. Kisha akalitoa jipya katika karatasi yake, akaliinamisha, na akanyanyua lile dumu la uani ili alijaze dizeli kabla ya kulifunga. Alisema kwamba likijazwa kwanza, gari litawaka upesi.

Mkewe alikuwa akichambua simsim kwenye ungo, karibu na mlango wa jiko. Aliuweka ungo chini.

"Mzee, ngoja kwanza. Unamimina katika tundu lipi?"

"Hili la katikati. Ndilo kubwa."

"Na haya madogo yaliyolizunguka ni ya nini?"

Sajini alinyamaza. Mkono wake ulibaki umeinuka, dumu likiwa limeinama. Aliyajua majibu, ila alikuwa ameyasahau kwa haraka yake. Matundu madogo ya pembeni ndiyo njia ya dizeli chafu kuingilia. Hupita katika karatasi iliyokunjwa kunjwa ndani ya kopo, ikaacha takataka zake humo, kisha ikatokea katikati, safi, kuelekea kwenye pampu. Anayemimina dizeli katika tundu la katikati ameiweka upande uliokwisha kuchujwa, nayo itakwenda moja kwa moja kwenye pampu pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Mama huyo hakusomea ufundi wa magari. Elimu yake ilitoka mahali pengine. Katika miaka ya 1990 mumewe alikuwa amehamishiwa upande wa Kitgum, na huko kaskazini mnyoo wa Guinea ulikuwa bado ukiwatesa watu. Mnyoo huo huingia mwilini kwa maji ya kunywa yenye viroboto wadogo wa maji waliobeba mabuu yake, na baada ya mwaka mmoja hivi hutokea mguuni kama uzi mrefu, kwa maumivu yasiyosemeka. Dawa haikuwapo wala chanjo haikuwapo. Silaha kubwa ilikuwa kitambaa cha kuchujia maji, na wanawake walifundishwa namna ya kukitumia. Walifundishwa kwamba kitambaa kina upande wa juu na upande wa chini. Kwamba ukikigeuza, unaosha taka za jana na kuzitia ndani ya mtungi wa leo. Kwamba kata iliyochota bwawani isitiwe katika mtungi wa maji yaliyochujwa. Na kwamba kitambaa kilichotoboka ni sawa na kukosa kitambaa. Kwa njia hizo nyepesi, pamoja na kuwahudumia wagonjwa wasiingie katika mabwawa, Uganda iliushinda mnyoo huo, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi yetu imeutokomeza.

"Kitambaa hakina kosa," Mama aliendelea kusema kwa upole. "Kosa ni la mkono. Ukimimina upande wa chini, umechuja nini, Mzee?"

Kijana aligeuka kando ili baba yake asimwone akitabasamu. Lakini Sajini mwenyewe aliliweka dumu chini, akasimama wima kama yu mbele ya inspekta wake, akasema, "Umenishinda, Mama. Kijana, lete maji na sabuni. Tunaanza upya."

Mama akaomba jambo moja zaidi. Alichukua chupa nyeupe iliyo kavu, akaijaza dizeli kutoka katika lile dumu, akaiweka juu ya ukuta. Baada ya nusu saa chupa ilitoa ushahidi wake wenyewe. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ilielea juu, na chini yake palikuwa na maji yenye kimo cha kidole kizima, na chini ya maji palikuwa na tope jembamba la rangi ya kahawia. Sajini aliitazama chupa ile kwa muda mrefu. Hapana shaka alikuwa akimwona yule msichana mvuani.

Kazi ilianzwa upya kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio wa kumfaa kila mwenye gari la namna ile.

Gari lilisimamishwa mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, handibreki ikavutwa, na mawe yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Waya hasi wa betri ulifunguliwa. Mama aliliondoa sigiri lenye makaa na kulipeleka nyuma ya nyumba, watoto wadogo wakafukuzwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuta sigara. Dizeli haidaki moto kwa wepesi kama petroli, lakini tambara lililolowa dizeli huwaka vizuri sana.

Kwa kuwa maji yalikuwa yametoka tangini, walianzia tangini. Chini ya tangi la gari hilo kuna skrubu ya kutolea uchafu. Gari lilikuwa limetulia tangu usiku, kwa hiyo maji yote yalikuwa yamekaa chini. Skrubu ilifunguliwa polepole juu ya beseni, maji na tope vikatoka, na dizeli safi ilipoanza kuonekana ikafungwa. Bila kufanya hivyo, chujio jipya lingejaa maji siku ile ile. Sajini alimkataza mwanawe kuvuta dizeli kwa mdomo na mpira, kama vijana wengi wafanyavyo, kwani tone likipita kwenda mapafuni huleta ugonjwa mkubwa wa kifua.

Ndipo walipogeukia chujio. Kwanza waliosha na kufuta kila mahali palipolizunguka, maana uchafu ulio nje hutumbukia ndani mara kinapofunguliwa. Waya wa kifaa kinachopima maji, kilicho chini ya chujio, ulichomolewa. Chujio lilifunguliwa kwa mkanda, likashushwa likiwa limenyooka ili lisimwage. Kifaa cha kupimia maji kilihamishiwa kwenye chujio jipya pamoja na raba mpya. Sajini alipapasa mahali pa kufungia ili kuhakikisha kwamba raba ya zamani haikubaki imenata pale, kwa sababu raba mbili zikikaa pamoja, dizeli huvuja na hewa huingia. Alipaka raba mpya dizeli safi kwa ncha ya kidole kilichooshwa. Chujio lenyewe hakulijaza kitu. Alilifunga kwa mkono mpaka raba ilipogusa, kisha akaongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono vilevile, pasipo spana. Anayekaza kwa nguvu za kifua huikata raba, na siku ya kulifungua tena atajuta.

Baada ya hapo palibaki hewa. Injini ya dizeli haiwaki ikiwa hewa imo ndani ya njia ya mafuta, kwa kuwa pampu huibonyeza hewa badala ya kuisukuma dizeli. Juu ya kichwa cha chujio la gari hilo kuna pampu ndogo ya mkono, nayo kazi ikawa ya kijana. Mwanzoni ilibonyea kwa wepesi kama sponji. Alibonyeza na kubonyeza, jasho likimtoka, mpaka ikawa ngumu na kukataa kushuka. Ugumu huo ndio ishara kwamba dizeli, baada ya kupita katika chujio, imefika. Magari mengine yana skrubu ndogo ya kutolea hewa, nayo hulegezwa kidogo wakati wa kupampu, ikafungwa mapovu yanapokwisha.

Waya wa betri ulirudishwa. Sajini alipiga stata kwa sekunde chache, akaipumzisha, akapiga tena. Injini ilikohoa, ikasita, kisha ikakamata, na sauti yake ikawa ya mfululizo. Ile taa ya manjano ilizimika. Hawakushangilia upesi. Walipitisha karatasi kavu chini ya chujio na kwenye viungo vya mipira ili kuona kama kuna tone, wakaliacha gari lingurume robo saa, wakatazama tena. Palikuwa pakavu.

Dizeli chafu na chujio la zamani havikutupwa mferejini wala chooni, kwani vingeharibu maji ya kisima cha watu wengi. Viliwekwa katika kopo lenye kifuniko, vikapelekwa gereji mahali wanapokusanya oili iliyotumika. Sajini hakujaribu kuliosha chujio lile kwa petroli ili alitumie tena, wala kulitoboa, ijapokuwa wapo wanaofanya hivyo na kujisifu kwamba wamepata faida. Karatasi iliyooshwa hupanuka matundu yake, na bei ya chujio moja ni kitu kidogo sana ikilinganishwa na bei ya pampu na nozeli nne. Mwisho kabisa aliandika tarehe na kilometa katika kipande cha karatasi, akakibandika ndani ya boneti, kama vile alivyokuwa akiandika katika kitabu cha zamu. Kitabu cha kila gari hutaja kilometa za kubadili chujio. Penye vumbi, na penye dizeli ya madumu, ni busara kubadili mapema zaidi, na kutoa maji chini ya chujio kila taa inapowaka, siyo mwezi unapokwisha.

Wenye magari mapya wana jambo moja la kuongeza. Injini za siku hizi husukuma dizeli kwa nguvu ya kutisha, mara elfu moja ya nguvu ya hewa tunayoivuta na hata zaidi. Mtu asithubutu kulegeza mabomba ya chuma yaendayo kwenye nozeli ili kutoa hewa, kama ilivyofanywa kwa injini za zamani, wala asipapase kwa kidole mahali panapovuja injini inapozunguka. Dizeli itokayo kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na aliyepatwa na jambo hilo sharti apelekwe hospitali mara moja, hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Katika magari hayo chujio lenyewe laweza kubadilishwa nyumbani, kwa kufuata kitabu chake, lakini yaliyo mbele ya chujio ni ya fundi aliyesomea.

Jioni ile Sajini alivaa shati safi, akavuka ua kwenda kwa jirani yake. Hakutuma mtoto. Alipiga hodi, akakaribishwa kiti, akasema, "Ndugu yangu, usiku ule gari langu halikuharibika kwa bahati mbaya. Taa iliwaka mwezi mzima na mimi naiona. Naomba radhi kwako na kwa mama mtoto."

Jirani alitazama chini kidogo. Kisha akamwita mkewe amwandalie Afande chai. Habari ya nauli ya matatu haikutajwa tena.

Baada ya majuma matatu, mama mtoto alipokuwa amepata nguvu, pikapu iliondoka Arua asubuhi na mapema. Mbele alikaa msichana na mtoto wake mchanga aliyefunikwa khanga, na nyuma walikaa wanawake wawili na magunia ya unga. Pale kwenye kilima walipokwamia usiku ule hakuna aliyesema neno. Gari lilipanda bila kusita, nao wakasikia tu injini ikiimba. Walipita Maracha jua likichomoza, wakafika Koboko kabla ya joto, na babu ya mtoto aliwapokea mlangoni kwa vigelegele vya jamaa zake.

Mzee huyo wa Koboko, baada ya kumbeba mjukuu wake na kumbariki, alilizunguka gari, akalipiga piga boneti kwa kiganja.

"Afande," alisema, "nilisikia kwamba gari hili lilikuwa limekufa. Nani fundi wako huko Arua?"

Sajini alimwelekezea kidole mkewe, aliyekuwa akishusha ungo wake wa simsim.

"Ni yule," alijibu. "Alisomea Kitgum."